Mwalimu Verdiana Lohay: Miaka Thelathini na Sita, Safari Moja ya Barafuni, na Madaftari Anayotuachia

Na Mwl. Rogers Kabyemera, Idara ya Jiografia na Fizikia

Leo Ijumaa, tarehe 17 Julai 2026, Mwalimu Verdiana Lohay anatimiza miaka sitini na kustaafu utumishi wa umma. Amefundisha kwa miaka thelathini na sita, na ishirini kati ya hiyo amefundisha hapa hapa shuleni kwetu Gendabi. Waliopita mikononi mwake ni wengi mno. Ukipanda bodaboda kwenda mjini Katesh, dereva atakuuliza Mwalimu Lohay anaendeleaje, na ukishuka, dada anayekuuzia vocha atakuuliza swali hilo hilo.

Mkuu wa Shule, Mwalimu Nicodemo Margwe, aliniomba niandike kurasa hizi za kijitabu cha sherehe kwa sababu nimefanya kazi na Mwalimu Verdiana kwa karibu miaka mitano. Alisema ziwe za furaha. Nimejitahidi. Lakini nimeziandika nikiwa na wasiwasi, na si haki msomaji afike mwisho bila kujua ni wasiwasi wa nini.

Tazameni ratiba ukurasa wa kwanza, shughuli ya saba: makabidhiano ya madaftari ya hali ya hewa. Mwalimu Verdiana atanikabidhi madaftari manane yenye vipimo vya mvua na joto vya kila siku tangu Machi 2018. Mimi nitatia saini kwamba nimeyapokea na kwamba kilichoandikwa humo ni kweli. Nakala itakwenda kwa watafiti wa barafu aliosafiri nao, ambao wameingoja rekodi hiyo kamili yenye saini kwa miaka minane. Sasa, ndani ya daftari la saba kuna siku nne ambazo si za kweli. Niliziandika mimi, na Mwalimu Verdiana hajui. Nitafika huko. Kwanza tumtazame mwenye siku yake.

Alizaliwa Mbulu, mtoto wa tano wa mkulima wa kitunguu saumu, mahali ambapo asubuhi ya mwezi wa sita mtoto huenda shule akiwa ameficha vidole kwapani. Alianza kazi mwaka 1990 katika shule ya msingi huko huko Mbulu, darasa moja la watoto tisini na saba na kitabu kimoja cha Jiografia ambacho kurasa za Afrika zilikuwa zimeliwa na panya. Alichora Afrika upya ubaoni kwa kumbukumbu. Baadaye alijiendeleza hadi shahada, akisoma kwa masafa huku ananyonyesha mtoto wa mwisho.

Mwaka 2006, kata zilipokuwa zinafungua sekondari, alihamishiwa Gendabi. Alikuta madarasa mawili yasiyo na milango na upepo wa tambarare ukiingia kama mwenye nyumba. Wanafunzi wengine walitoka kwa wakulima, wengine kwa wafugaji, na wengine walitoka kwa wote wawili kwa kuwa majirani hao huoana. Yeye hakutofautisha. Aliyempita bila kumwamkia, awe mwanafunzi au mwalimu mpya kutoka mkoani, alirudishwa mpaka mlangoni aanze upya. Nami nilirudishwa siku yangu ya kwanza, nikiwa na begi mgongoni na barua ya ajira mkononi, na shikamoo niliyoitoa siku hiyo ilisikika hadi jikoni.

Mwaka 2016 lilibandikwa tangazo wilayani, chini kidogo ya tangazo la mnada wa mifugo. Mradi mmoja wa utafiti wa barafu ulitafuta walimu kutoka nchi zisizo na barafu, waende na watafiti hadi Antaktika kwa wiki sita, waone kazi inavyofanyika, kisha warudi kuifundisha. Walimu waliosoma tangazo lile walicheka, wakaenda zao kunywa chai. Mwalimu Verdiana alilipiga picha kwa simu. Alikuwa na miaka hamsini, anavaa miwani, na hajawahi kuona bahari.

Usaili ulifanyika kwa simu. Wakati ule mtandao wa Gendabi ulipatikana sehemu moja tu, juu ya mawe nyuma ya nyumba ya Mkuu wa Shule. Alipanda na kigoda na mwavuli, akakaa huko saa nzima akijibu maswali kwa Kiingereza huku mbuzi wa jirani wakilia chini yake. Msaili alipouliza kelele zile ni za nini, Mwalimu aliona aibu kusema mbuzi. Alisema ni Kidato cha Kwanza, akaomba radhi kwa niaba yao.

Alipochaguliwa ndipo wasiwasi ulipoanza, na haukuwa wake peke yake. Yeye wake aliutibu kwa mazoezi. Kila Jumamosi alikwenda Katesh, dukani kwa Mama Scolastica, akaomba kuingiza mikono kwenye friza la soda akiwa amevaa glavu alizoshona mwenyewe kwa ngozi ya kondoo. Mama Scolastica alimpimia dakika kwa simu. Wateja walijaa mlangoni, na mmoja akamwuliza, “Mama, hiyo soda unayoitafuta imezama wapi?” Alianza kwa dakika mbili. Wiki ya mwisho alifikisha kumi na moja.

Mumewe, Mzee Patriki, hakuwa na friza la kutibu wasiwasi wake. Ukoo ulimwita Mbulu kikaoni. Wazee hawakuuliza kama mkewe anaweza kufa huko, maana kufa ni popote. Walichouliza ni hiki: “Tukiambiwa amefia huko, atalazwa kwenye udongo upi? Si mnasema huko hakuna udongo?” Mzee Patriki alirudi nyumbani na swali hilo, wakalala nalo, na asubuhi Mwalimu Verdiana akawaandikia watu wa mradi kama lilivyo, bila kulipunguza. Jibu lilikuja mstari mmoja, likatafsiriwa na kusomwa kikaoni: kila tunayekwenda naye tunarudi naye. Wazee waliomba lisomwe tena. Kisha mmoja alisimama akatamka baraka na wengine wakaitikia, kama inavyofanywa Mbulu kwa mtu anayekwenda mbali.

Aliondoka Januari 2018. Meli ilipoingia bahari ya kusini, simu zilikatika siku kumi na moja. Mkuu wa Shule anasimulia kwamba Mzee Patriki alikuja kila asubuhi, akakaa kwenye benchi la nje ya ofisi, kofia juu ya goti, na kila asubuhi aliambiwa bado. Mjini ilishavuma kwamba mwalimu ameuzwa. Wengine walisema ametolewa kafara, na waliosema hivyo walitaja hata bei. Siku ya kumi na mbili ujumbe ukaingia: “Nimefika salama. Ni baridi kuliko Mbulu. Kidato cha Pili wamalize mada ya miamba, nikirudi nitauliza.” Mzee Patriki alicheka, halafu akalia, na hajali nikiandika hivyo.

Huko barafuni alikaa kwenye mahema na watafiti tisa. Walikuwa wanatoboa barafu kwa keekee ndefu na kuchomoa vipande virefu vya mviringo kama bomba. Kila mwaka theluji huanguka na kulalia ile ya mwaka uliopita, hivyo kipande kile kina miaka ndani yake, tabaka juu ya tabaka, na volkano iliyolipuka zamani huonekana kama mstari mwembamba mweusi. Mwalimu wetu alipewa kazi ya kuandika lebo. Mwandiko wake wa ubaoni ndio pekee uliosomeka hata akiwa amevaa glavu.

Picha za pengwini tumeziona wote. Lakini kilichomgusa zaidi, kwa maneno yake mwenyewe, kilikuwa kitu kidogo. Kiongozi wa kambi, mama mtu mzima aliyekwenda barafuni mara nyingi kuliko wengine wote, siku moja alipitiwa na usingizi, na kipimo cha joto cha asubuhi kikampita. Aliingia kwenye hema la chakula, mbele ya watu wote akachukua kalamu, akaandika kwenye mstari wa siku ile kwamba haikupimwa, akaweka jina lake. Hakuna aliyemgombeza na hakuna aliyecheka. Akanywa chai.

Kwa mtu aliyefundisha Tanzania miaka ishirini na minane, hilo lilikuwa jambo la kushangaza kuliko barafu. Tunajijua. Mwanafunzi wetu akiulizwa asichokijua hutunga, kwa sababu aliyenyamaza husimamishwa na aliyekosea kwa sauti kubwa huambiwa walau amejaribu. Na sisi walimu tusijifanye watakatifu. Wiki ya ukaguzi, maandalio ya somo ya mwezi mzima huandikwa ofisini kwa mchana mmoja, kwa kalamu tatu za rangi tofauti ili yaonekane ya siku tofauti.

Aliporudi, Mwalimu Verdiana alianzisha Kipindi cha Barafu kila Alhamisi, na sheria yake ya kwanza iliwashtua wengi. Asiyejua aandike “hatujui”, atapata nusu alama. Anayebuni atapata sifuri, hata akibahatisha. Kwenye kikao cha wazazi, baba mmoja kutoka Masakta alisimama kwa hasira na kusema amemleta mtoto ajue, mbona anarudi na daftari limeandikwa hatujui. Mwalimu alimwamkia kwanza, kisha akamwuliza ng’ombe wake wangapi watazaa mwezi ujao. Yule baba akafikiri, akajibu kwa uaminifu wa mfugaji: “Hilo sijui, Mwalimu. Mpaka nione.” Ukumbi mzima ulipiga makofi, na baba yule aliketi akicheka mwenyewe.

Barafu hatuna, kwa hiyo aliwapeleka wanafunzi kando ya Ziwa Balangida, wakashindilia bomba la maji kwenye tope lililokauka, wakalichomoa na kulipasua kwa msumeno. Ndani mlikuwa na miaka: tope la kahawia la mvua nyingi, chumvi nyeupe ya ukame, tope tena. Walimwita bibi mmoja wa Kibarbaig kutoka Hirbadaw aje darasani, maana wazee wa kule huita miaka kwa majina. Aligusa tabaka nene la chumvi kwa kidole, akataja mwaka ambao ng’ombe wa baba yake waliisha. Nasikia siku walipolibeba bomba lile mabegani kurudi shuleni, likiwa limefunikwa shuka, watu wa Gendabi walisimama kando ya barabara na kuvua kofia wakidhani ni msiba. Wanafunzi waliona haya kuwasahihisha, wakapita polepole.

Na ndipo vilipoanza vipimo. Kila siku saa tatu asubuhi mwanafunzi wa zamu husoma kipimamvua na kipimajoto, huandika, na kutia jina lake. Rekodi huenda kwa watafiti kila mwezi. Mmoja wao analinganisha mvua za nchi za ikweta na barafu ya bahari ya kusini, na kwa maelezo yake ni shule chache sana zenye rekodi ndefu kama yetu. Hapa nyumbani ina uzito wake pia. Tangu Desemba 2023, tope liliposhuka kutoka Mlima Hanang na kuzika watu, hakuna mtu wilayani hapa anayeichukulia mvua kirahisi. Msimu ukianza, ofisi ya kata hupiga simu kutuuliza tumepima ngapi.

Leo shule nne za jirani zina Kipindi cha Barafu. Zaidi ya wanafunzi mia sita wamekipitia. Mmoja wao, Loveness, anasomea hali ya hewa chuoni na hutupigia simu kutusahihisha. Haya yote yametoka kwa mwanamke mmoja na mikono yake kwenye friza la soda.

Sasa nirudi kwangu.

Aprili 2025 Mwalimu Verdiana alikwenda Mbulu kumuuguza mama yake, wiki mbili. Aliniachia daftari na ufunguo wa uzio wa kipimamvua, ambao tuliujenga kuzuia mbuzi. Moja ya wiki hizo ilikuwa ya Pasaka. Mimi nilikuwa kwenye kamati ya harusi ya rafiki yangu huko Babati, harusi ya Jumatatu ya Pasaka, na kamati haimngoji mtu. Brightness Akonaay, wakati huo Kidato cha Tatu, anakaa karibu na shule na alikuwa tayari kupima siku zote za sikukuu. Nilimwambia asijisumbue, nitapima mwenyewe. Ilikuwa alfajiri ya Ijumaa Kuu, na niliamini nitarudi jioni ile ile. Nikaondoka na ufunguo mfukoni.

Nilirudi Jumanne asubuhi. Kipimamvua chetu huchukua milimita arobaini. Kikijaa, kinachozidi humwagika. Nilikikuta kimejaa hadi ukingoni. Maana yake mvua ilikuwa kubwa, na ni kubwa kiasi gani hakuna awezaye kusema tena. Ilinitosha kuandika neno moja ambalo hata Kidato cha Kwanza wanaliandika. Badala yake niligawa ile arobaini: Ijumaa kumi na mbili, Jumamosi sifuri, Jumapili kumi na nane, Jumatatu kumi. Ile sifuri niliiweka ili namba zionekane za kweli. Najionea haya zaidi kwa sifuri ile kuliko kwa zile tatu nyingine.

Alfajiri ya Jumamosi ile ndiyo korongo la Gendabi lilipofurika na kuchukua shamba la maharage la Mama Imakulata, mama yake Brightness. Mimi sikujua. Nilikuwa Babati nahesabu viti.

Alhamisi iliyofuata, mbele ya wanafunzi arobaini na watatu, Brightness alinyoosha mkono. Aliuliza kwa adabu, amesimama wima: “Mwalimu, siku mvua ilipochukua maharage ya mama, mbona daftari linasema sifuri?” Nilikuwa na nafasi ya kusema kweli, kama pumzi mbili hivi. Nikamjibu kwamba kipimo hakidanganyi, watu ndio hutia chumvi. Darasa lilicheka. Tangu siku hiyo walimwita Mama Mafuriko, na mwezi uliofuata akaomba kuondolewa kwenye zamu za kupima. Nilimkubalia haraka sana.

Mwalimu Verdiana alirudi baada ya kumzika mama yake. Alilikagua daftari, akaona mistari yote imejaa, akanishukuru. Alisema hakuwa na hofu hata kidogo alipokuwa msibani kwa sababu alijua nipo. Jamani, maneno hayo nimekaa nayo miezi kumi na tano. Mara tatu nimekwenda ofisini kwake nikiwa nimejiandaa kusema, na mara tatu nimetoka na kikombe cha chai. Niliogopa. Nilimwogopa yeye, niliiogopa kazi yangu, na niliogopa kuwa mtu aliyeharibu kitu ambacho mwenzake alikivukia bahari. Mwaka huu alipoandika kwa mkono wake jina langu kama mrithi wa Kipindi cha Barafu, nilipoteza usingizi kabisa.

Jumapili iliyopita nilikwenda nyumbani kwa Mama Imakulata. Nilimkuta jikoni anachambua mboga, Brightness yupo karibu na mlango anasoma. Nilieleza yote, Babati, ufunguo, sifuri. Nilimwomba Brightness msamaha. Aliuliza kitu kimoja tu, kama Mwalimu Verdiana ameshajua. Nilisema bado. Aliinuka akaenda kuchota maji, na ndoo ilikuwa tayari imejaa.

Mama yake aliweka mboga chini. “Mwalimu, mimi nimekusikia,” alisema. “Maharage yalishakwenda, hayo tumesamehe mvua. Lakini huyu mtoto ulimwambia mbele ya watu. Sasa unakuja kuniambia mimi, hapa jikoni, tuko watatu. Mimi nitafanya nayo nini?”

Nilipofika nyumbani nilitupa kurasa za furaha nilizokuwa nimeandika, nikaanza hizi. Nimezipeleka mwenyewe kuchapwa Katesh. Mkuu wa Shule hajazisoma, anaamini kurasa hizi za nyuma zinahusu zawadi. Naomba lawama zake zije kwangu, wala si kwa kijana wa stationari. Jana nimewaandikia watafiti pia. Hawajajibu. Inawezekana wakatupa mwaka mzima wa 2025. Inawezekana wakatupa zaidi, maana mtu akishakuta uongo kwenye ukurasa mmoja ana haki ya kutilia shaka kurasa zote, hata zile ambazo watoto walizipima kwa uaminifu wakinyeshewa. Hatua za kinidhamu pia zinawezekana. Hayo yote siyajui, na sitabuni.

Ninachokijua ni hiki, na nakisema mbele ya wazazi, walimu, wanafunzi na wageni wa meza kuu. Tarehe 18 hadi 21 Aprili 2025 mvua ya Gendabi haikupimwa. Aliyesababisha isipimwe ni mimi, Rogers Kabyemera. Brightness Akonaay alisema kweli, na mimi, mwalimu wake, nilimfanya aonekane mwongo. Waliomwita Mama Mafuriko walikuwa wanarudia uongo wangu. Wasilaumiwe, ila waache. Daftari la saba lisikabidhiwe kwangu leo kabla mistari ile minne haijafutwa kwa mkono wa Mwalimu mwenyewe, na akiona halifai kukabidhiwa kwangu kabisa, kuna mtu wa kumkabidhi na hayuko mbali.

Mwalimu Verdiana, najua sherehe hii ni yako na nimeimwagia maji. Ningeweza kungoja kesho. Lakini kesho usingekuwa tena mwalimu wa shule hii, na madaftari yangekuwa yamepita mikononi mwako yakiwa na uongo ambao usingekuwa na mamlaka ya kuusahihisha. Ulituambia mara nyingi kwamba barafu haina haraka, inaweka kila kitu na siku moja mtu anakuja na keekee. Nimeona afadhali nijitoboe mwenyewe.

Kwa niaba ya walimu wenzako wote, wa hapa na wa Mbulu ulikoanzia, tunakushukuru. Tunakushukuru kwa chaki uliyotununulia bila kusema, kwa watoto wa wafugaji uliowafuata hadi kwenye malisho ukawarudisha darasani, kwa wageni kama mimi uliotufundisha kuamkia watu, na kwa kuwapa watoto wa Gendabi ujasiri wa kukiri wasichokijua. Kwako na kwa Mzee Patriki tunaomba afya, usingizi mwororo, magoti yasiyolalamika mkipanda vilima vya Mbulu, na vitunguu saumu visivyooza. Maisha yako ya kustaafu yawe mema, Mwalimu wetu, na marefu.

Ukimaliza kusoma hapa utainua macho unitafute. Nimekaa safu ya tatu, upande wa dirisha. Nitakuwa nimeshasimama.